Kujenga Pamoja: Vijana, Sanaa na Ujenzi wa Mtaa katika Philadelphia ya Kaskazini, 1986–2004

Katika mji wa Philadelphia, nchini Marekani, palikuwa na sikukuu ya mtaa iliyofanywa kila mwaka mwezi wa Oktoba, na jina lake lilikuwa la Kiswahili: Kujenga Pamoja. Waliohudhuria sikukuu hiyo hawakuwa wasemaji wa Kiswahili. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, watoto na wajukuu wa watu waliohama kutoka majimbo ya Kusini, na lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiingereza. Walakini jina hilo halikuwa pambo tu. Bustani walizozipita siku hiyo, kuta zenye nakshi za vigae na viti vya zege walivyovikalia vilikuwa vimejengwa na wakazi wenyewe, na waliotangulia kuishika kazi hiyo walikuwa watoto.

Makala haya yaeleza jinsi kazi hiyo ilivyoanza na ilivyokua kati ya mwaka 1986 na 2004, yaani muda wa miaka kumi na minane. Hoja inayochunguzwa ni moja: je, vijana hao walikuwa wajenzi wa mtaa, au walikuwa wapambaji wa mtaa uliokwisha kupangwa na watu wengine? Hoja hii si ndogo. Katika miji mingi ya dunia vijana huitwa wapake rangi ukutani, hupigwa picha, hushukuriwa kwa hotuba, kisha njia na viwanja hukatwa vilevile kama ambavyo vingekatwa wasipokuwapo. Mambo ya Philadelphia yastahili kuangaliwa kwa makini kwa kuwa yaonyesha pande zote mbili: jinsi sanaa inavyoweza kumpa kijana sauti katika mpango wa mahali anapoishi, na pia mahali ambapo sauti hiyo hukoma.

Mji na mtaa wake

Philadelphia ni mji uliozaliwa katika ramani. Mnamo mwaka 1682 William Penn, Mwingereza wa madhehebu ya Quaker, aliagiza mji wake upimwe baina ya mito miwili, Delaware na Schuylkill. Mpima ardhi wake, Thomas Holme, akachora njia zilizonyoka zikikatana mraba kwa mraba, pamoja na viwanja vitano vya wazi kwa matumizi ya watu wote. Mji ulipopanuka kwenda kaskazini, mistari hiyo ilirefushwa, ikawa desturi kwamba njia huchorwa kwanza juu ya karatasi, kisha watu hupata makazi ndani ya mistari. Barabara ya Germantown Avenue ni mojawapo ya chache zisizotii desturi hiyo. Yafuata njia ya kale ya miguu ya Walenape, wenyeji wa asili, nayo hupita mshazari katikati ya miraba. Kando ya barabara hiyo ndiko habari hizi zilikotokea.

Katika karne ya kumi na tisa na mwanzo wa karne ya ishirini Philadelphia ya Kaskazini ilikuwa sehemu ya viwanda. Palifumwa nguo, palifuliwa chuma, na kiwanda cha kofia cha John B. Stetson kiliajiri maelfu ya watu. Kwa ajili ya wafanyakazi hao zilijengwa nyumba za safu, ndefu na nyembamba, kila moja ikishirikiana ukuta na jirani yake. Wakati wa vita kuu mbili na baada yake, Wamarekani weusi waliikimbia dhuluma ya Kusini, wakaja kutafuta kazi. Lakini baada ya mwaka 1945 kazi zenyewe zilianza kuondoka. Viwanda vilifungwa au vilihamia kwingine. Kile cha Stetson kilifungwa mwaka 1971. Weupe wengi walihamia vitongoji vya nje ya mji. Waliobaki hawakuweza kupata mikopo ya kununua wala ya kutengeneza nyumba, kwa sababu mabenki yalikwisha kuzitia alama mbaya sehemu walizokaa watu weusi. Mwezi wa Agosti mwaka 1964 ghasia kubwa zilitokea katika barabara ya Columbia Avenue, na baada ya ghasia hizo maduka mengi hayakufunguliwa tena.

Hesabu ya watu yatosha kuonyesha ukubwa wa msiba huo. Mwaka 1950 mji wote ulikuwa na watu 2,071,605. Mwaka 1990 walikuwa 1,585,577. Mji ulikuwa umepoteza watu karibu laki tano. Upungufu huo haukuenea sawasawa, bali uliangukia zaidi mitaa kama ile ya kaskazini. Mwenye nyumba alipokufa au kuhama, kodi haikulipwa, paa likavuja, boriti zikaoza. Mwishowe serikali ya mji ilikuja kuibomoa nyumba isije ikamwangukia mpita njia. Kwa kuwa nyumba zilikuwa za safu, kila iliyobomolewa iliacha pengo, na nyumba mbili za ubavuni zikabaki na kuta zisizozoea mvua. Kifusi kilisawazishwa papo hapo, juu yake zikaota nyasi, na juu ya nyasi watu wakatupa taka. Mahali kama hapo palifaa sana kwa wauza madawa ya kulevya, wala hapakuwa na mahali pengine pa watoto kucheza.

Yafaa ikumbukwe pia vijana walivyotazamwa na wakubwa wa mji wakati huo. Mwaka 1984 Meya Wilson Goode alianzisha mpango wa kupambana na maandishi ya ukutani, na msanii Jane Golden akaajiriwa kuwaelekeza vijana walioandika kutani wawe wachoraji wa picha kubwa. Mpango huo ulileta manufaa, nao mwaka 1996 ukageuzwa kuwa mpango wa sanaa za ukutani uliokuja kujulikana duniani kote. Hata hivyo asili yake yaonyesha fikira ya siku zile: kijana wa mtaa maskini alionekana kwanza kuwa hatari kwa kuta za mji, na sanaa ililetwa iwe dawa ya hatari hiyo. Kwamba kijana huyo aweza kuulizwa ukuta ujengwe wapi, hilo lilikuwa bado halijafikiriwa na wengi.

Arthur Hall na nyumba ya Ile Ife

Kazi ya mtaani haikuanzia katika utupu. Mwaka 1958 mcheza ngoma Arthur Hall aliunda kikundi chake cha ngoma za Kiafrika, na mwaka 1969 akafungua nyumba ya utamaduni wa watu weusi katika Germantown Avenue. Aliipa jina la Ile Ife, mji mtakatifu wa Wayoruba. Humo watoto walifundishwa ngoma, uchezaji na ufundi wa mikono, na wazee wa mtaa walipata mahali pa kukutania.

Miaka hiyo ilikuwa miaka ya Wamarekani weusi kutafuta majina na mila za bara la wazee wao, na lugha ya Kiswahili ilipata heshima ya pekee katika utafutaji huo. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha huko California sikukuu ya Kwanzaa, yenye nguzo saba zilizotajwa zote kwa Kiswahili. Ya tatu kati ya hizo ni ujima, yaani kazi ya pamoja. Kiswahili kilipendwa kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja, bali lugha ya watu wengi wa makabila mbalimbali. Ndiyo maana katika mtaa mmoja wa Philadelphia liliweza kukaa jina la Kiyoruba mlangoni na jina la Kiswahili katika sikukuu, wala asiwepo aliyeona ajabu.

Mwaka 1986 Arthur Hall alimwita Lily Yeh aje ageuze kiwanja kitupu kilichopakana na nyumba ya Ile Ife kiwe bustani. Lily Yeh alizaliwa nchini China mwaka 1941, akakulia Taiwan, akafika Marekani mwaka 1963 kusoma sanaa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Tangu mwaka 1968 alikuwa mwalimu wa sanaa katika chuo kimoja cha Philadelphia. Alikuwa mgeni mtaani kwa rangi, kwa lugha na kwa daraja ya maisha. Ruzuku aliyoipata kutoka baraza la sanaa la jimbo ilikuwa dola 2,500, fedha zisizotosha hata kuondoa kifusi. Wajuzi aliowaendea kwa shauri walimwambia kwamba jambo hilo haliwezekani, na kwamba chochote atakachojenga, watoto watakibomoa. Mwenyewe amesimulia hadharani mara nyingi kwamba aliingiwa na hofu, akakaribia kukataa.

Majira ya kwanza ya kazi

Mtu mzima wa kwanza kumuunga mkono alikuwa mkazi wa pale, JoJo Williams. Baada yake wakaja watoto. Hawakuitwa kwa tangazo wala kwa mkutano. Walikuja kwa sababu ilikuwa likizo ya shule, na kiwanja kile kilikuwa uwanja wao wa michezo. Walitaka kujua mwanamke yule wa Kichina alikuwa akitafuta nini katika taka. Walipoambiwa kwamba patajengwa bustani, wakapewa majembe na ndoo. Wakaokota vioo, wakachukua matofali, wakasukuma mawe. Wakubwa wengi walisimama mbali wakitazama. Walikwisha kuona wageni wengi wakija na ahadi, nao hawakutaka kudanganywa mara nyingine. Ila walipoona watoto wao wakirejea siku baada ya siku, baadhi yao walikaribia.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba hapakuwa na ramani. Lily Yeh alichukua kijiti, akachora duara katikati ya kiwanja, akasema kwamba hapo ndipo patakapokuwa kitovu. Mengine yote yalikuja baada ya duara hilo. Penye kifusi kingi mno kisichoondoleka, kililundikwa kikawa kilima au kiti kirefu kilichopinda. Kwa kuwa udongo ule wa vifusi haukukubali upesi miti ya kuota, ilijengwa miti ya zege, yenye mashina na matawi, ikasimama kiwanjani kabla ya miti ya kweli. Kila shida ya ardhi iligeuka kuwa sehemu ya umbo la bustani, na waliokuwa wakiigusa ardhi kila siku, yaani watoto, ndio waliozifahamu shida hizo kuliko wote.

Miti hiyo na kuta zilizofuata zilifunikwa nakshi za vigae. Uteuzi wa ufundi huo wahitaji kuelezwa, kwani ndani yake mna siri kubwa ya kazi yote. Vigae vilivyovunjika hupatikana kwa bei ndogo au bure. Huhitaji nyundo ya kuvipasua, saruji ya kubandikia, na subira. Mtoto wa miaka saba aweza kubandika kigae kimoja, na mtu mzima aweza kubandika mia, na kazi ya wawili hao ikaonekana katika ukuta mmoja bila ya moja kuiaibisha nyingine. Rangi hupauka kwa jua na kubanduka kwa baridi, lakini kigae kilichoshikwa vema na saruji hudumu. Zaidi ya hayo, aliyekibandika hukijua. Kijana apitapo miaka mitano baadaye aweza kuonyesha kwa kidole mahali alipoweka mkono wake.

Mtu aliyeukuza ufundi huu mtaani alikuwa James Maxton, aliyejulikana na wote kwa jina la Big Man kwa sababu ya urefu na unene wake. Alikuwa ametekwa na madawa ya kulevya kwa miaka mingi alipojiunga na kazi mwishoni mwa miaka ya themanini. Alijifunza nakshi ya vigae, akaachana na madawa, akawa fundi mkuu na mwalimu wa vijana. Katika uchochoro ulioitwa wa Malaika, kazi ya mkono wake yaonekana waziwazi: malaika warefu, wenye macho makubwa na mabawa yaliyokunjuliwa, walioigwa kutoka michoro ya makanisa ya Ethiopia. Uchochoro huo ulikuwa hapo zamani mahali pa kuogopwa. Kwa kuwaweka walinzi weusi wenye mabawa mahali hasa walipokuwa wakisimama wauza madawa, mafundi walitoa hukumu juu ya matumizi ya mahali pale, na hukumu ya namna hiyo ndiyo kiini cha upangaji wa mji.

Mpango uliotoka katika mikono

Yapasa sasa kulirudia swali la mwanzo. Katika mwaka 1992 mtaalamu Roger Hart aliandika, kwa ajili ya shirika la UNICEF, kitabu kidogo juu ya ushiriki wa watoto. Humo alitumia mfano wa ngazi yenye vidato vinane, akiufuata mfano wa Sherry Arnstein aliyeandika juu ya ushiriki wa raia katika mipango ya miji mwaka 1969. Vidato vitatu vya chini, kwa maoni ya Hart, si ushiriki hata kidogo: watoto kuendeshwa kama vikaragosi, watoto kutumiwa kama mapambo, na watoto kuwekwa kwa ajili ya jina tu. Cha juu kabisa ni pale watoto wanapoanzisha jambo wenyewe na kuamua pamoja na wakubwa. Ngazi hii yafaa sana kupimia miradi ya sanaa, kwa sababu katika sanaa hatari ya kidato cha mapambo ni kubwa kuliko kwingineko.

Kwa kulinganisha, katika mji wa Los Angeles msanii Judith Baca aliongoza kuanzia mwaka 1976 uchoraji wa picha ya ukutani yenye urefu wa karibu mita 840 katika mfereji wa kuzuia mafuriko. Vijana zaidi ya 400 walishiriki katika majira mbalimbali ya joto hadi mwaka 1983, na wengi wao walikuwa wametoka katika mikono ya mahakama za watoto. Walisoma historia ya jimbo lao, ile isiyofundishwa shuleni, wakaichora kwa ustadi. Hiyo ilikuwa elimu kubwa na sanaa kubwa. Lakini mfereji wenyewe ulikuwa umekwisha kuchimbwa na wahandisi wa serikali. Vijana walipewa ukuta, hawakuulizwa juu ya mto. Walichoweza kukibadili ni maana ya mahali, wala si umbo lake.

Huko Philadelphia mambo yalikwenda kwa utaratibu mwingine. Umbo la mahali lilikuwa halijaamuliwa na mtu yeyote, kwa kuwa mji ulikuwa umekitupa kiwanja. Hapakuwa na karatasi iliyotangulia mikono. Mikono ilitangulia karatasi. Mtoto aliyeamua kwamba kilima kiwe hapa, au kwamba njia ipite pale kwa kuwa ndipo wenzake walipozoea kupita, alikuwa akifanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mtaalamu aliyeketi mbele ya meza. Hakutakiwa kwanza ajifunze kusoma ramani wala azoee lugha ya mikutano. Chombo cha kutolea shauri kilikuwa kazi yenyewe, na shauri lililotolewa lilionekana siku ileile.

Hapana budi kuongeza kwamba Lily Yeh hakuwa mtumishi tu wa matakwa ya watoto. Alikuwa na jicho lake. Alilelewa katika uchoraji wa mandhari wa Kichina, naye amesema kwamba alitafuta kwa wakazi wale ulimwengu usio na vumbi kama ule wa picha hizo. Bustani ya Tafakuri, iliyojengwa baadaye, ilichanganya fikira za bustani za China, nyua za Kiislamu na majengo ya udongo ya Afrika ya Magharibi. Mchanganyiko huo ulikuwa wa msanii aliyesoma. Kwa hiyo katika ngazi ya Hart kazi hii haikufika daima kidato cha juu kabisa. Ilipanda na kushuka. Walakini ilikuwa mbali na vidato vitatu vya chini, kwa sababu mtoto asingeweza kuondolewa katika kazi na mahali pakabaki vilevile.

Kutoka bustani moja hadi mtaa mzima

Kazi iliyoanza kwa majira moja iliendelea mwaka wa pili na wa tatu. Arthur Hall alihama Philadelphia mwaka 1988, na mwaka 1989 kazi ikasajiliwa kuwa chama kisicho cha faida, kwa jina la Village of Arts and Humanities, yaani Kijiji cha Sanaa na Utu. Neno kijiji lilichaguliwa katikati ya mji mkubwa kwa maana iliyo wazi: watu waliokaa mitaa hiyo walitaka kujuana kama watu wa kijiji.

Pole pole kazi ilivuka mpaka wa bustani. Nyumba tupu zilitengenezwa zikawa karakana na madarasa. Watoto walipotoka shuleni walipata msaada wa masomo, wakafundishwa ngoma, uchoraji na ufinyanzi. Vijana waliunda kikundi cha michezo ya kuigiza, wakatunga michezo kutokana na maisha ya mtaani kwao. Viwanja vingine vilipandwa mboga, na kimoja kikubwa, cha ekari mbili, kikawa shamba la miche ya miti. Kwa hesabu iliyotolewa wakati Lily Yeh alipoondoka mwaka 2004, viwanja zaidi ya 120 vilikuwa vimegeuzwa kuwa bustani 17, na watumishi wa kulipwa walikuwa wapatao 20, mbali na mamia ya watu wa kujitolea. Mwaka 2001 chama kilipewa nishani ya dhahabu ya Rudy Bruner, tuzo la Marekani kwa ubora wa mahali pa mijini.

Yapo mambo mawili ya kuonyeshwa hapa. La kwanza ni kwamba bustani nyingi hazikuharibiwa. Wajuzi wa mwaka 1986 walikuwa wametabiri kinyume. Walisahau kwamba mtu huharibu kwa urahisi kitu alichowekewa na mwingine, lakini hufikiri mara mbili mbele ya kitu alichokichukulia mawe kwa kichwa chake, au alichokijenga mdogo wake. La pili ni kwamba watoto ndio waliowavuta wakubwa. Katika mipango ya kawaida wakubwa huamua kisha huwaita watoto; hapa mama alikuja kumtafuta mwanawe kiwanjani, akabaki.

Ardhi ni ya nani

Lakini historia hii isingekuwa kamili bila ya kutaja mpaka wake. Kubadili umbo la ardhi si kuimiliki. Katika Philadelphia ya Kaskazini kiwanja kitupu chaweza kuwa mali ya serikali ya mji, au ya mtu aliyekufa zamani na warithi wake hawajulikani walipo, au ya mtu aliyekinunua kwa bei ndogo akingojea ipande. Watu wa mtaa waliweza kufyeka nyasi, kujenga kuta na kupanda maua kwa miaka mingi, na katika daftari la ardhi jina lao lisiwemo.

Hatari hiyo haikuwa ya kufikirika. Mwaka 1997 mji wa Philadelphia, ukiwa na haja ya fedha, uliuza kwa benki madai ya kodi ya maelfu ya viwanja ambavyo wenyewe hawakulipa. Miaka mingi baadaye, bei ya ardhi ilipopanda katika sehemu nyingi za mji, baadhi ya viwanja vya namna hiyo, ambavyo juu yake wakazi walikuwa wamekwisha kulima bustani, vilianza kuuzwa kwa mnada. Mwezi wa Desemba mwaka 2013 baraza la mji lilipitisha sheria ya kuanzisha benki ya ardhi, ili viwanja vitupu vikusanywe mikononi mwa chombo kimoja na vingine vipate kutolewa kwa matumizi ya mtaa. Sheria hiyo ilikuja zaidi ya robo ya karne baada ya duara lililochorwa kwa kijiti.

Hapa ndipo palipo jibu gumu la swali la makala haya. Vijana wa Germantown Avenue walikuwa wajenzi wa kweli wa mahali. Hawakuwa wapambaji. Ila uwezo wao ulianza pale mji ulipokiacha kiwanja, na ulikuwa hatarini kukoma pale mji, au soko, litakapokitaka tena. Tena kuna uchungu ndani yake: uzuri walioufanya kwa mikono yao ni miongoni mwa mambo yawezayo kupandisha bei ya ardhi na kumfanya maskini ashindwe kukaa mahali alipopapendezesha. Sanaa pekee haiwezi kuondoa jambo hilo. Huhitaji kufuatwa na hati.

Njia iliyofika Nairobi na Rugerero

Kazi hiyo ilivuka bahari kabla ya Lily Yeh kuondoka Philadelphia. Kuanzia mwaka 1994 alifika Korogocho, mtaa wa maskini wa Nairobi ulio kando ya jaa kubwa la Dandora, ambamo padri Alex Zanotelli wa shirika la Comboni alikuwa akiishi pamoja na watu. Huko uwanja mkavu wa kanisa ulipakwa rangi na kupambwa kwa malaika na sanamu, na watoto wa mtaani wakashika brashi. Kwa mara hii Kiswahili hakikuwa jina la sikukuu tu, kilikuwa lugha ya mtaa wenyewe. Lakini swali la ardhi lilikuwa kali kuliko Philadelphia, kwa sababu wengi wa wakazi wa Korogocho walikuwa wapangaji wa vibanda vilivyosimama juu ya ardhi ya serikali, na mtu asiyejua kama kibanda chake kitakuwapo mwaka ujao hawezi kuupanga mtaa kwa moyo mkunjufu. Uwanja wa kanisa ulikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo kazi ya mikono ingeweza kutumainiwa kudumu.

Lily Yeh aliunda pia shirika dogo liitwalo Barefoot Artists, yaani wasanii wa miguu mitupu, na mwaka 2004 akafika Rugerero, karibu na Gisenyi nchini Rwanda, katika kijiji cha walionusurika na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Huko kazi ilikuwa na pande mbili. Ya kwanza ilikuwa kujenga mahali pa heshima pa kuhifadhi mifupa ya waliouawa. Ya pili ilikuwa kuwafundisha watoto kuchora, kisha michoro yao ikapakwa juu ya kuta za nyumba za kijiji. Mpangilio huo una maana. Kijiji hicho kilijengwa haraka baada ya vita, nyumba zikiwa zafanana zote. Watu wake hawakuwa wameuchagua mpango, na kwao michoro ya watoto ilikuwa njia ya kwanza ya kuitofautisha nyumba moja na nyingine.

Ukiwekwa pamoja, mwendo wa Germantown Avenue, Korogocho na Rugerero wafundisha kwamba ushiriki wa vijana katika kujenga mtaa hautegemei uzuri wa picha wala wingi wa vijana waliohesabiwa. Hutegemea mambo matatu. La kwanza, kazi ianze kabla ya mpango kufungwa, ili mkono wa kijana uweze kuuongoza mstari badala ya kuufuata. La pili, ufundi uchaguliwe ule ambao mdogo na mkubwa waweza kuushiriki, na ambao alama ya kila mmoja hubaki. La tatu, ambalo Philadelphia ililichelewesha, ardhi iliyotengenezwa iandikwe kwa jina la waliotengeneza, au angalau ilindwe na sheria isichukuliwe bila ya wao kujua. Mambo mawili ya kwanza yamo katika uwezo wa msanii na watu wa mtaa. La tatu limo katika uwezo wa baraza la mji, na mahali popote lisipofanywa, vijana waliojenga watakuwa wamemjengea mwingine.